Kubaindi kwa waya kwa mashine ya mkono: kupima, kutoboa na kubana

Mashine ya mkono ya kubaindi kwa waya ina kazi mbili: inatoboa karatasi, kisha inabana waya. Wengi wanaiogopa hiyo ya pili kwa sababu waya ukishabanwa haurudi. Lakini kitabu kikitoka kibaya, mara nyingi kosa lilianza mapema, kwenye kutoboa: karatasi zilijazwa nyingi mno, kizuio cha pembeni kililegea, au matundu yaliachwa karibu mno na ukingo. Ukishatoboa vizuri, kubana ni kazi ya sekunde chache.

Maelezo haya yanamfaa mwenye steshenari ndogo, mhudumu wa masjala katika ofisi za Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma, wakati wa pilikapilika za bajeti, au mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) aliyekabidhiwa mashine ya idara pamoja na ripoti za kikundi kizima. Isipotajwa vinginevyo, karatasi inayozungumziwa ni A4 ya gramu 80, ile ya rimu ya kawaida. Umeme hauhitajiki. Printa ikishamaliza kazi yake, umeme ukatike au usikatike, kubaindi kunaendelea.

Matundu mangapi?

Waya huu ni ule wa pete mbilimbili, ambao kabla ya kubanwa ukiutazama kwa ubavu una umbo la herufi C. Usichanganywe na kitana cha plastiki, ambacho A4 yake ina matundu 21 marefu ya pembe nne, wala na plastiki inayozungushwa kama springi kutoka tundu moja hadi jingine. Wateja wengi huviita vyote vitatu "spairo", kwa hiyo weka sampuli tatu kaunta na umwonyeshe mteja kabla hujatoboa. Karatasi iliyokwisha kutobolewa kwa ajili ya kitana haiwezi kuokolewa kwa waya, na ya waya haiwezi kuokolewa kwa kitana.

Mashine za waya zenyewe zipo za hesabu mbili. Ya kwanza ni 3:1, yaani matundu 3 katika kila inchi. A4 ikitobolewa upande wake mrefu wa milimita 297 inapata matundu 34. Ya pili ni 2:1, matundu 2 kwa inchi, na A4 inapata matundu 23. Ya 3:1 ni ya kazi nyembamba na za kati, mwisho wake waya wa milimita 14.3. Ya 2:1 ndiyo ya nyaya nene, kuanzia milimita 16 hadi 32. Waya wa moja hauingii kwenye matundu ya nyingine.

Hapo ndipo pesa za watu zinapopotea dukani. Mtu anachagua boksi kwa kipenyo na rangi, anafika ofisini anakuta waya una pete 23 na mashine yake inatoboa 34. Kabla ya kwenda kununua, toboa karatasi moja, iweke kwenye bahasha, uende nayo. Waya ulalishwe juu ya matundu hayo palepale kaunta kabla hujalipa.

Kama unanunua mashine moja tu, nunua ya 3:1. Ripoti nyingi za ofisi na vyuo hazizidi karatasi 110, na ikizidi ni afadhali kuigawa iwe juzuu mbili kuliko kuibaindi kwa waya mnene. Kitabu kinene cha waya ni kizito, hakikai vizuri kwenye rafu, na waya wake ukigandamizwa mara moja kwenye begi unapinda.

Kuchagua waya

Kanuni ni fupi: unene wa rundo lote pamoja na makava, ongeza milimita 3. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, hivyo karatasi 10 ni kama milimita 1. Kwa kanuni hiyo, nyaya za 3:1 zinabeba takriban hivi, unene wa makava ukihesabiwa humo:

milimita 6.4 (robo inchi): hadi karatasi 35
milimita 8: hadi karatasi 50
milimita 9.5: hadi karatasi 65
milimita 11: hadi karatasi 80
milimita 12.7 (nusu inchi): hadi karatasi 95
milimita 14.3: hadi karatasi 110

Kwa 2:1, waya wa milimita 16 unatosha karatasi 130, wa 19 karatasi 160, na wa 25 karatasi 220 hivi. Boksi linaweza kuandikwa idadi kubwa zaidi. Waya utafunga kweli, ila kurasa zitafunguka kwa shida.

Hesabu karatasi, si kurasa. Ripoti ya kurasa 160 iliyochapwa pande mbili ni karatasi 80 tu. Chukua mfano wa utafiti wa karatasi 84 zilizochapwa upande mmoja: karatasi ni milimita 8.4, kava la plastiki na la manila vinafikisha kama 9, ukiongeza 3 unapata 12. Waya wake ni wa 12.7. Mwenye haraka ataona wa milimita 11 upo karibu na atautumia, nao utaingia. Ila msimamizi akifungua ukurasa wa katikati kitabu kitakataa kulala mezani, na karatasi za mwanzo na za mwisho zitaanza kuchanika matunduni. Waya mkubwa kupita kiasi nao una ubaya wake: kurasa zinacheza, pembeni zinatokezeana, na pete tupu zinabonyea. Ukikwama katikati ya saizi mbili, chukua kubwa.

Kuandaa karatasi

Ondoa pini zote za stepla. Hili halina mjadala. Pini moja ikipita kwenye mashine inaweza kuvunja au kupinda jino la kutobolea, na jino likipinda kila kazi itakayofuata itakuwa na tundu moja lenye ndevu. Pitisha kidole kwenye kona ya juu kushoto ya kila fungu, hasa nyaraka zilizotolewa kopi kutoka faili za zamani.

Ukingo wa kushoto wa maandishi uwe angalau sentimita 2.5. Matundu na nafasi yake hula karibu milimita 7 hadi 8, na kinachobaki ndicho kinachomwezesha msomaji kuona herufi za mwanzo wa mstari bila kukunja kitabu kwa nguvu. Kama kazi imechapwa pande mbili, ukurasa wa nyuma ya karatasi unahitaji nafasi hiyo upande wa kulia. Hilo lipangwe kwenye kompyuta kabla ya kuchapa, maana mashine ya kubaindi haina dawa yake.

Majedwali ya ulalo yanasumbua wengi. Kwa kazi iliyochapwa upande mmoja, kichwa cha jedwali kielekee kwenye waya. Msomaji atageuza kitabu mara moja kwa mwendo wa saa na kusoma. Ukiweka mengine hivi na mengine vile, atakuwa anakizungusha kitabu kama usukani.

Michoro na ramani za A3 hukunjwa kabla ya kutobolewa. Upande utakaotobolewa ni wa milimita 297, uliolingana na A4. Kutoka upande huo pima sentimita 20, kunja hapo. Kipande kilichobaki ni cha sentimita 22; kikunje tena katikati, kwenye sentimita 11, kirudi kuelekea nje. Sehemu ya kutobolewa inabaki na tabaka moja, kunjo haligusi meno, na mchoro unafunguka ukivutwa kwa kona. Kumbuka tu kuwa kila A3 moja ina unene wa karatasi tatu upande wa nje wa kitabu, hivyo ikiwa michoro ni mingi kitabu kitavimba mbele hata kama waya unatosha.

Karatasi zinazotoka kwenye printa zikiwa na moto zinajikunja. Zigeuze uso chini, ziwekee kitu kizito, zipoe dakika kadhaa. Miezi ya kiangazi hapa Dodoma hewa ni kavu sana, na karatasi zinashikana kwa umeme tuli hadi mbili zinaonekana moja. Zipeperushe kwa kidole gumba kabla ya kuhesabu mafungu, na rimu iliyofunguliwa ibaki ndani ya karatasi yake. Karatasi iliyokaa wazi dirishani wiki nzima haikai sawa mashineni.

Makava: mbele plastiki angavu, nyuma manila au kadi ngumu. Yakate yawe sawasawa na A4. Kava lililozidi hata milimita 2 litasukuma matundu yake nje ya mstari wa karatasi.

Kupanga mashine kwa karatasi ya majaribio

Mashine ina vitu viwili vya kupanga kabla ya kutoboa: kizuio cha pembeni, kinachoamua tundu la kwanza lianzie wapi, na kipimo cha kina, kinachoamua matundu yakae umbali gani kutoka ukingoni.

Kwenye A4, kuanzia katikati ya tundu la kwanza hadi katikati ya tundu la mwisho ni milimita 279.4. Kinachobaki kikigawanywa pande mbili, kila mwisho unapata karibu milimita 8.8. Huna haja ya kupima hivyo kwa rula. Toboa karatasi moja chakavu, kisha ikunje katikati kichwa kikutane na miguu, kingo zikilingana kabisa, na uinyanyue kwenye mwanga. Tundu la kwanza likilalia tundu la mwisho na mwanga ukapita duara au mraba mzima, kizuio kiko sawa. Ukiona nusu ya tundu imezibwa, sogeza kizuio kwa nusu ya tofauti hiyo, kaza skrubu, toboa karatasi nyingine. Jaribio hili ni muhimu kuliko linavyoonekana: matundu yasipokaa katikati, karatasi yoyote utakayoiingiza kwa kugeuzwa kimakosa, pamoja na kava utakalogeuza baadaye, haitalingana na nyingine.

Mashine nyingine zina meno 40 badala ya 34. Hapo, kwa A4, jino la 35 linaangukia ukingoni kabisa na kuacha nusu tundu. Vuta kishikizo chake kidogo kilicho juu au mbele ya mashine ili lisitoboe. Kama mashine yako haina vishikizo vya kuvuta, imetengenezwa kwa saizi moja tu, usilazimishe.

Kina: kwa vitabu vyembamba weka milimita 3 kati ya ukingo wa karatasi na ukingo wa tundu. Kwa nyaya za 12.7 na kuendelea sogea hadi 4, na kwa 2:1 hata 5. Waya mkubwa una uzito na unavuta, hivyo unahitaji nyama zaidi ya karatasi. Lakini ukiweka kina kirefu kwenye waya mdogo, ukingo wa karatasi unagonga mgongo wa waya na kurasa hazigeuki.

Kutoboa

Tangazo la mashine likisema inatoboa karatasi 15, wewe toboa 10. Ikisema 20, toboa 12 au 13. Mashine itazipitisha zile 15 kwa siku chache za mwanzo, halafu mpini utaanza kuwa mgumu, fremu italegea, na matundu ya karatasi za chini yatakuwa yamesogea kuliko ya juu. Kasi unayoipata kwa kujaza ni ndogo. Ule utafiti wa karatasi 84 ni mafungu tisa ya 10, badala ya sita ya 15.

Gonga fungu mezani mara mbili, mara moja kwa ukingo utakaotobolewa na mara moja kwa ukingo utakaogusa kizuio. Ingiza kwenye mdomo wa mashine hadi mwisho, kisha telezesha pembeni hadi liguse kizuio. Fuata mpangilio huo, ndani kwanza halafu pembeni, kwa kila fungu. Shikilia kwa mkono mmoja karibu na mdomo, na kwa mwingine shusha mpini kwa mwendo mmoja hadi ugote. Usipige kwa kishindo, wala usiishie njiani. Kisha rudisha mpini juu kabisa ndipo uvute karatasi. Ukivuta meno yakiwa bado ndani hata kidogo, matundu yanachanika upande wa ukingoni, na uchafu huo hauonekani mpaka kitabu kimeshafungwa.

Upande wa kuingiza ndio unaowaponza wenye haraka. Ukisimama mbele ya mashine na kusukuma karatasi mbele ikiwa imetazama juu, ukingo wake wa kushoto ndio uingie, na kichwa cha ukurasa kitakuwa mkono wako wa kulia. Fungu la kwanza likienda hivyo, yote yaende hivyo. Kila fungu lililotobolewa liweke likiwa limetazama chini, la pili juu yake nalo likitazama chini, hadi mwisho. Ukigeuza rundo zima, kurasa zinakuwa kwenye mpangilio wake bila kupanga upya.

Plastiki angavu ni laini na inateleza. Ikitobolewa peke yake, tundu linaweza kubaki na kipande kinachoning'inia. Iweke katikati ya karatasi mbili chakavu, toboa kwa pamoja. Mbili kwa mara moja zinatosha. Kadi ngumu za nyuma, toboa mbili pia. Karatasi zilizolamineti ziende moja moja au mbili mbili, na hakikisha zimepoa. Laminesheni yenye joto inaacha gundi kwenye meno.

Kuvalisha waya

Waya huuzwa ukiwa umekatwa tayari kwa A4, au kwenye roli. Ukikata mwenyewe, hesabu pete 34, kata kwa plaizi kali kwenye kipande kinachounganisha pete na pete, halafu ondoa ncha yoyote iliyobaki imetokeza. Ncha hiyo huchana mikono, mashati na mabegi.

Kabla ya kuvalisha, panga rundo kwa namna ambayo kwa mara ya kwanza inaonekana ya ajabu. Kava la nyuma lisikae nyuma. Litoe, liweke juu kabisa, mbele ya kava la mbele, uso wake wa nje ukilalia uso wa nje wa kava la mbele, na matundu yakiwa upande uleule. Kwa hiyo ukitazama kutoka juu unaona upande wa ndani wa kava la nyuma, chini yake kava la mbele, kisha ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Sababu yake ni kwamba waya una mshono, pale ncha za pete zinapokutana na mgongo wake, na mshono huo daima unaangukia kati ya karatasi ya juu kabisa na ya chini kabisa ya rundo. Kwa mpangilio huu unaangukia kati ya kava la nyuma na ukurasa wa mwisho. Baada ya kubana, unalizungusha kava la nyuma hadi nyuma, nalo linaufunika mshono. Ukiruka hatua hii, mshono utabaki nje na utakuna kila kitu kilicho jirani.

Ning'iniza waya kwenye vishikio vya mashine, ncha za pete zikitazama kwako au juu. Anza na fungu la mwisho wa kitabu, valisha matundu kwenye ncha, fuatia na la kabla yake, umalizie na kava la mbele na lile la nyuma lililopinduliwa. Fungu la karatasi 20 hadi 30 linavalika kwa urahisi. Rundo zima la 84 litakusumbua, kwa kuwa ukilinganisha matundu ya kulia ya kushoto yanatoka. Ikiwa tundu moja tu linakataa, usisukume. Toa fungu, tafuta karatasi iliyotobolewa vibaya. Huwa ipo.

Kubana

Zungusha kishikizo cha kipimo kwenye saizi ya waya wako, kisha kiache kikubwa kidogo kuliko saizi hiyo. Sukuma waya pamoja na kitabu ndani ya taya za kubania. Kwenye mashine nyingi za mezani mdomo wa waya, yaani upande ulio wazi, hutazama chini. Nyingine zinataka utazame nyuma, na mara nyingi kuna mchoro uliobandikwa pembeni mwa mashine. Hakikisha waya umelala sambamba na taya kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuna karatasi iliyoingia kwenye nafasi ya mshono.

Shusha mpini taratibu hadi ugote, nyanyua, toa kitabu, tazama. Waya uliobanwa sawa ni wa duara, na ncha za pete zimegusa mgongo bila kuupita. Kama bado kuna nafasi ambayo karatasi inaweza kupita, punguza kipimo kidogo tu, rudisha, bana tena. Mara mbili au tatu za kupunguza ni kawaida kwa kitabu cha kwanza cha siku. Vinavyofuata vya saizi hiyo vitabanwa kwa mkupuo mmoja maana kipimo kimeshapatikana.

Waya uliopitiliza unaonekana kama yai, ncha zikiwa zimevuka mgongo na kuingia ndani. Huo haurekebishiki vizuri hata kwa plaizi. Ukate, valisha mwingine. Ndiyo maana tunaanza na kipimo kikubwa. Waya uliobanwa vizuri upande mmoja na kubaki wazi upande mwingine unaashiria kitabu kiliingia kikiwa kimeinama, au taya za mashine zimelegea upande huo. Jaribu kuugeuza mwanzo-mwisho. Nafasi ikibaki upande uleule wa mashine, kaza skrubu za taya kabla ya kazi nyingine.

Mwisho, zungusha kava la nyuma hadi nyuma, fungua kitabu katikati na kilaze mezani, kisha pitisha kurasa kumi za mwanzo na kumi za mwisho. Hizo ndizo zinazokwama kama kuna tatizo.

Ukurasa umekosewa

Hutokea, hasa kwa ripoti ambazo sahihi au mhuri unachelewa. Ukurasa mmoja unaweza kuingizwa bila kuvunja waya: kata kwa mkasi kipande chembamba kutoka kila tundu hadi ukingoni, uubonyeze kwenye pete. Haukai kwa muda mrefu, lakini nakala ya kusahihishwa inavumilia. Kwa nakala rasmi, fungua waya kwa bisibisi bapa kwenye mshono, pete moja baada ya nyingine, toa karatasi, tupa waya huo, valisha mpya. Waya uliofunguliwa hauwi wa duara tena. Kwa sababu hiyo, sahihi na mihuri vikamilike kabla ya kubaindi. Mwanafunzi naye aulize mapema chuo kinataka nini: nakala ya mwisho ya tasnifu kwa kawaida hutakiwa kava gumu, na waya ni wa nakala za kusomwa na kusahihishwa.

Mashine ikianza kusumbua

Matundu yenye ndevu na mpini mgumu kwa ghafla: kwanza mwaga trei ya vipande. Trei ikijaa, vipande vinarudi juu na kuziba matundu ya chini, meno yanasukuma uchafu badala ya karatasi. Kiangazi vipande hivyo vinaganda kwenye kila kitu kwa umeme tuli, kwa hiyo usisubiri trei ijae; imwage kila baada ya vitabu vichache, na brashi ndogo kavu ipite chini ya meno. Kama tatizo linabaki, meno yamekauka. Pitisha karatasi kadhaa za nta, au tone moja la mafuta ya cherehani lililopakwa kwa kitambaa kwenye meno, halafu toboa karatasi chakavu mpaka zisionyeshe doa. Usiruke hizo chakavu, vinginevyo doa litatokea kwenye kazi ya mteja.

Ndevu kwenye tundu moja lilelile kila wakati ni jino moja lililokufa au kupinda. Kuna mashine ambazo jino hubadilishwa, na ambazo hazibadilishwi. Uliza kabla ya kununua, siyo baada.

Karatasi zikikwama ndani, rudisha mpini juu kwa nguvu ya kiasi huku ukitikisa fungu polepole. Usizivute kwa bisibisi kutoka mbele.

Upepo wa Juni hadi Oktoba unaleta vumbi jekundu hadi ndani ya ofisi zilizofungwa madirisha, na vumbi hilo likichanganyika na mafuta kwenye meno linakuwa msasa. Funika mashine kila jioni kwa kitambaa au nailoni. Ni jambo dogo, na ndilo linalotofautisha mashine ya miaka mingi na ya msimu mmoja.

A5 na vipande vya waya

Kitabu cha A5 kinachofungwa upande mrefu wa milimita 210 kinapata pete 24. Vuta jino la 25 lisitoboe, maana linauma ukingo, na upange upya kizuio kwa jaribio lilelile la kukunja karatasi. Pedi ya A5 inayofunguka juu, upande wa milimita 148, inachukua pete 17. Waya mmoja wa A4 wa pete 34 ukikatwa katikati unatoa pedi mbili za namna hiyo bila kubakiza kitu, na ndiyo njia nzuri ya kumaliza boksi la waya wa milimita 6.4 ambao haununuliwi na wenye ripoti. Kwa ule wa pete 24, kipande cha pete 10 kinachobaki kihifadhi kwenye boksi gumu, siyo kwenye mfuko wa plastiki. Waya uliobonyezwa kabla ya kuvalishwa hauwezi kukaa sawa kwenye vishikio.